Namba Saba Haizai

Mimi si mtu wa kugombana na mimea. Nagombana na watu, tena vizuri sana, muulize yeyote pale kwenye kituo chetu cha utafiti wa kilimo. Lakini msimu ule nilijikuta nimesimama mbele ya Namba Saba, mikono kiunoni, nikifoka mbele ya vibarua: "Una nini wewe? Hee? Umekosa nini hapa?"

Ilikuwa imejaa maua. Maua meupe yenye nywele za zambarau katikati, makubwa, mazuri, ya kumfanya mtu avue kofia. Kesho yake yote yalikuwa yamenyauka, yamejikunja, yanaanguka ukiyapulizia tu. Nyuma ya ua hakuna kitu, hata kitunda cha ukubwa wa njegere. Patupu. Vibarua wakatazamana, mmoja akajitia anakohoa.

Kazi yetu ni kulinganisha. Tulikuwa na aina saba za pasheni shambani, kila moja na mistari yake, zimetambaa kwenye waya uliofungwa juu ya nguzo. Maji yale yale, samadi ile ile, ili baadaye isitokee moja ya kusema imeonewa. Namba Moja hadi Sita ni za zambarau. Namba Mbili huzaa kama imerukwa na akili, lakini tunda lake dogo, ganda nene, ukikata nusu ni hewa. Namba Nne tunda moja linajaza kiganja, ila hutoa kwa kunung'unika. Namba Tano tuliibebesha juu ya shina gumu la aina nyingine, mizizi yake haiugui, lakini utamu wake ni wa kulazimishwa. Asubuhi tunaokota zilizoanguka, maana pasheni ikiiva haingoji kuchumwa, inajidondosha yenyewe. Halafu chumba cha vipimo: napima uzito, nakata, nachuja, napima maji yake na unene wa ganda, kisha natia tone kwenye kipima sukari, nakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kufumba jicho moja. Mwisho naonja, ingawa hakuna aliyeniomba maoni.

Sahani za matunda huwa saba mezani, kila moja na kibandiko chake. Sahani ya Namba Saba ilikuwa tupu msimu mzima. Niliipanga hivyo hivyo kila asubuhi, tupu, na jioni nikaiosha pamoja na nyingine.

Namba Saba ilikuwa ya njano, na ilikuwa ya mke wangu.

Mke wangu alifundisha baiolojia shule ya sekondari. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mimi nikafuata mkumbo. Yeye aliniita Bwana Mizani. "Bwana Mizani, chumvi imekolea au mpaka ukaipime?" Ndivyo tulivyoishi, yeye akinichokoza, mimi nikinuna, halafu basi. Mpasheni wa njano aliupanda yeye, ukutani nyuma ya jikoni. Mimi nilikuwa natoka alfajiri na kurudi jua likizama, kwa hiyo nilichokuwa nakijua ni matunda tu: yalivyokuwa yakidondoka juu ya bati la jikoni, paa! paa!, mtu unaruka kwenye kiti.

Hapa nieleze kidogo, mnivumilie. Pasheni ya zambarau haina makuu. Ua lake linajitosheleza, chavua yake yenyewe inatosha kulitungisha tunda. Ya njano ina maringo. Haitaki chavua yake, wala ya mche uliokatwa kwenye shina lake mwenyewe. Inataka itoke kwa mpasheni mwingine kabisa wa njano, na anayeileta ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, au mkono wa mtu. Ukipanda mmoja peke yake, utakula maua. Kila anayelima pasheni anajua hilo. Sasa wa kwetu ulikuwa peke yake. Nilizunguka mtaa mzima nikichungulia nyua za watu mpaka mbwa wakanizoea, sikuona wa njano mwingine. Na bado ulizaa, tena kwa fujo.

"Unajua maana yake?" nilimwambia Mwalimu siku moja mezani, nimesimama, kijiko mkononi. "Huu unazaa peke yake! Wa njano, na unazaa peke yake! Mtu mwenye kiwanja cha kuweka mche mmoja tu, sasa anaweza. Watu wametafuta kitu hiki miaka!"

Mwalimu alikuwa anakunywa juisi, akapaliwa. Akakohoa hadi machozi yakamtoka, nikawa nampigapiga mgongoni.

"Endelea," akasema akipata pumzi. "Endelea, mtaalamu wangu."

"Nitaupeleka kituoni. Tuulinganishe na wengine. Ukipita, utaingia kwenye orodha ya aina zinazogawiwa wakulima, na utaitwa Mwalimu."

Hapo akaacha kucheka. Akanitazama muda, akakunjakunja kitambaa cha meza.

"Jina langu kwenye pasheni chachu namna hii?"

"Ndilo."

"Haya, kaipande. Lakini maua yakitoka utaniuliza swali. Nitakujibu siku hiyo, sio leo."

"Swali gani?"

"Si nimesema sio leo?" Akaenda kuosha vyombo, na mabega yake yanatikisika. Alinikatia vipandikizi mwenyewe, akavifunga kwenye gazeti lililoloweshwa.

Miche haikuwahi hata kufika kwenye waya, Mwalimu akaanza kuumwa. Homa tu, tukasema. Haikuwa homa tu. Nilipomaliza kupokea watu wa msiba na kurudi kazini, Namba Saba ilikuwa imeshapanda na kutambaa, kijani kibichi, na mimi nikasimama pale nikalia mbele za watu bila aibu. Nilijiambia, hili ndilo limebaki. Jina lake litakaa kwenye ile orodha, watu wasiomjua watalitaja shambani, watasema nipe Mwalimu miche mitano. Sikuwa na jambo jingine la kungoja.

Nyumba ikikosa mtu wa kukuchokoza inakuwa kubwa, sijui kwa nini. Nilikuwa nafungua mlango na kusalimia, halafu nanyamaza haraka kama mtu aliyepiga hodi nyumba siyo. Binti yetu anaishi mbali na watoto wake. Alikuwa anapiga simu jioni.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Baba jamani. Na ule mpasheni wa mama, umezaa?"

Hilo ndilo lilikuwa linanichoma. Hata wa nyumbani ulikuwa umegoma. Tangu mwenyewe alipoondoka, maua tele, tunda hakuna, na bati la jikoni kimya. Binti yangu akasema labda mmea una majonzi. Nikamfokea, nikamwambia mama yake hakumsomesha ili aje kusema mmea una majonzi. Tukaagana. Kisha nikakaa jikoni nikitazama dirisha, na haki ya Mungu, nilikuwa nimeanza kufikiri hivyo hivyo.

Dirishani kulikuwa na kisanduku chake cha chaki, kile cha bati alichokuwa akienda nacho shule na kurudi nacho kila siku. Kilikuwa na vumbi la chaki ya njano kwenye bawaba na pembeni. Sikukigusa. Nilipofuta dirisha, nilifuta kwa kukizunguka, vumbi lake likabaki kama alivyoliacha.

Mkuu wetu wa kituo ni mtu mpole, umri wake ni wa kuwa mwanangu, na huniita mzee hata nikimtukana. Siku moja alinikuta mistarini adhuhuri. Maua ya Namba Saba yalikuwa ndiyo yanafunguka. Yale ya zambarau hufunguka alfajiri, na jua likifika utosini yameshafumba. Kwa hiyo Namba Saba ilikuwa inafungua milango wakati wenzake wote wameshafunga ya kwao. Sisi wawili tulisimama pale tukiitazama.

"Mzee," akasema, "ya njano hii. Inataka mwenzake. Ngoja niagize maua ya njano kutoka kituo kingine, tuiguse kwa mkono, walau tupate matunda ya kupima."

"Usithubutu."

"Lakini mzee..."

"Kama inahitaji mwenzake, ina faida gani? Za namna hiyo zimejaa kila mahali! Nimeileta hapa kwa sababu inazaa peke yake. Nimeiona kwa macho yangu. Nimekula matunda yake, nimekunywa juisi yake, imeniharibia usingizi wa mchana wa Jumapili kwa kudondoka kwenye bati! Ukiigusa tu, umeniharibia jaribio zima."

"Sasa mbona haizai?"

Nikasema ni udongo. Wiki iliyofuata nikasema ni upepo. Nikaongeza maji, nikapunguza maji, nikatia samadi kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Mwishoni mkuu akaja na uso wa mtu aliyebeba taarifa ya msiba. Kamati ya kuchagua aina inakuja Ijumaa. Isiyo na tunda inang'olewa, na namba yake inafutwa.

"Nitazungumza nao," nikasema.

"Utawaambia nini, mzee?"

"Waongeze msimu mmoja."

Hakubisha, na hilo lilinikera kuliko kama angebisha.

Alhamisi nilifika chumba cha vipimo, nikainua kipima sukari, nikaona ukungu. Nimesahau miwani. Kazi ilikuwa imejaa mezani na kamati inakuja kesho, nikavumilia kwa kubahatisha mpaka adhuhuri, nikashindwa, nikaomba gari lirudi nami nyumbani mara moja.

Siku za kazi sikuwahi kuwa nyumbani saa ile. Jikoni mlikuwa na mwanga wa ajabu, jua linaingia moja kwa moja kupitia dirisha la nyuma na kulala juu ya meza. Miwani ilikuwa pale dirishani, kando ya kisanduku cha chaki. Naichukua tu, nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Shemeji! Ni wewe? Leo umekuja kuyafanya mwenyewe?"

Alikuwa jirani yetu, fundi cherehani, shoga yake Mwalimu. Hushona uani kwake, chini ya kibanda. Tangu msiba ule tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu, yeye akiogopa kunifanya nilie, mimi nikiogopa hilo hilo. Nikatoka nyuma. Kichwa chake kilikuwa juu ya ukuta, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Kuyafanya nini?"

"Maua."

"Maua yana nini?"

Akanitazama. Nami nikamtazama. Juu ya vichwa vyetu mpasheni ulikuwa unafungua maua yake, moja moja, taratibu.

"Shemeji," akasema polepole, "usiniambie mpaka leo hujajua."

"Kujua nini, mama? Nina gari linaningoja!"

"Jamani, Mwalimu!" Hakuwa ananiambia mimi. Akafunika mdomo kwa mkono, sikujua anacheka au anafanya nini. "Alikuwa anakuja nayo kutoka shule. Kule kwenye uzio wa shule kuna mpasheni mwingine wa njano. Anachuma maua mchana wakitoka, anayatia kwenye kile kisanduku chake, akifika tu, hata viatu havui, anapanda stuli na kugusa-gusa ua kwa ua. Mimi ndiye nilikuwa namshikia stuli, napitia mlango wa uani. Siku zote, shemeji. Wewe uko kazini."

Niligeuka nikatazama dirisha la jikoni.

"Aliniapisha nisikwambie. Siku ulipomwambia mti wake unazaa peke yake, alikuja hapa akashindwa hata kusimulia kwa kucheka. Akasema, acha mtaalamu agundue mwenyewe. Anaupeleka kituoni, utachanua, utagoma, atarudi hapa amevimba, ndipo nitamjibu. Akasema atakuwekea na keki siku hiyo." Sauti yake ikakatika. "Nilidhani umeshajua zamani. Nikadhani hutaki tu kulizungumza."

Nilirudi jikoni. Nikakishika kisanduku kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Ndani hamkuwa na chaki hata kipande. Mlikuwa na burashi ndogo ya rangi, ya watoto wa shule, na maua yaliyokauka yamekuwa kama karatasi, na unga wa njano umetapakaa kila pembe. Nikautia kidoleni. Mimi ni mtu wa pasheni maisha yangu yote, na chavua ya pasheni ilikaa dirishani kwangu nikiizungushia kitambaa, nikiiita chaki.

Nikacheka. Loo, nilicheka mimi! Nilicheka mpaka nikashika meza, mpaka dereva akapiga honi nje akidhani nimepatwa na jambo. Alikuwa ameniweza. Alikuwa ameniweza vibaya sana, na kicheko kikiwa bado kimenijaa kifuani niligeukia mlango wa chumbani nimwambie, "Haya, umeshinda." Nimeshafumbua mdomo.

Nikakaa kwenye kiti. Dereva akapiga honi tena.

Kesho yake kamati ilionja Namba Moja, Namba Nne, Namba Tano. Walikunja sura, wakatikisa vichwa, wakatema mbegu kistaarabu kwenye leso. Namba Nne waliisifu kwa tunda, wakailaumu kwa uchache. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akafika kwenye sahani ya saba. Akaisukuma kidogo kwa kidole, ikateleza mezani.

"Na hii?"

Mkuu wa kituo akaniangalia, amejiandaa kunisaidia kuomba msimu mwingine. Najua alikuwa amejiandaa, alikuwa ameshavuta pumzi.

"Haizai peke yake," nikasema.

Mkuu akaiachia ile pumzi.

"Taarifa yako ya mwanzo ilisema kule nyumbani inazaa, tena sana," akasema mwenyekiti. "Ilizaaje?"

"Mke wangu alikuwa anaizalisha kwa mkono. Sikujua."

"Basi tungezungumza naye atueleze vizuri..."

"Hayupo," nikasema. "Ameshafariki. Ing'oeni tu."

Wakaifuta. Mchana ule vibarua walianza kukata waya, nikawaambia waniachie mistari ile. Niliishusha mwenyewe, mkono kwa mkono, kila kikono chake kilivyojisokota kwenye waya, na ilinichukua mpaka jioni kwa sababu mipasheni haiachii kirahisi ilichoshika. Jioni niliosha sahani sita.

Jumatatu niliomba ruhusa ya mchana. Nilienda shule ya Mwalimu na kisanduku chini ya kwapa. Mlinzi wa getini alikitazama, akanitazama. Akaniongoza hadi kwenye uzio wa nyuma. Ulikuwa pale kweli, umefunika waya wote, maua ndiyo yanafunguka. Nikachuma maua, nikayalaza ndani taratibu.

Fundi alinisikia nikiburuta stuli. Akapita mlango wa uani bila kubisha hodi, akaishika miguu ya stuli kwa mikono miwili, kama kazi aliyoizoea. Nikapanda. Ua la kwanza nikalivunja shingo.

"Polepole. Yeye alikuwa anagusa tu, vile vidole vitatu vya juu vya ua."

"Najua vinapoguswa! Ndiyo kazi yangu!"

"Haya, baba. Gusa basi."

Nikagusa. La pili likakubali, na la tatu, unga ukabaki pale ulipotakiwa kubaki. Tulienda hivyo hadi mwisho wa ukuta, mimi juu, yeye akisogeza stuli.

"Alikuwa anasema nini?" nikamuuliza. "Mkiwa hapa."

"Alikuwa anakusema wewe. Kila siku. Alisema ukija kugundua utanuna wiki nzima, hutakula mezani, utakula umesimama."

"Uongo mtupu. Mwambie sijanuna."

Lilishanitoka. Nilibaki na ua mkononi, nimeukodolea macho ukuta, sithubutu kutazama chini. Nguo za watu zilikuwa zinamngoja fundi upande wa pili, na jua lilikuwa linatuchoma sote wawili. Hakusema pole. Alikaza tu mikono kwenye miguu ya stuli.

"Nitamwambia," akasema. "Maliza hilo, bado yale ya kule kwenye pembe."